Tumbaku, Umri na Sheria Chini ya Mlima Meru

Mzazi wa Arusha anapomtuma mwanawe dukani hamwelezi mengi. Humpa fedha, humtajia kitu, na mtoto huondoka mbio. Kutumwa ni sehemu ya malezi yetu. Mtoto asiyetumika husemwa kuwa hana adabu, na mtu mzima yeyote wa mtaa, hata asiyekuwa wa ukoo, anayo haki ya kumwita mtoto aliye karibu na kumwagiza. Katika vijia vya Themi, karibu na mto uliolipa eneo hilo jina lake, mtoto hutumwa sukari, hutumwa chumvi, hutumwa kiberiti. Na mara nyingine hutumwa sigara mbili. Muuzaji, ambaye anamfahamu vema baba wa mtoto, huzitoa katika pakiti iliyokwisha kufunguliwa na kumkabidhi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo, tangu mwaka 2003 sheria ya nchi imekataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 asiuziwe tumbaku ya aina yoyote.

Sheria hiyo mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni kitu kilicholetwa kutoka nje, tunda la mikutano ya Geneva, kisichokuwa na mzizi wowote katika maisha yetu. Maneno hayo ni kweli nusu. Katazo la kumzuia kijana asitumie tumbaku lilikuwapo chini ya Mlima Meru kabla ya boma la kwanza kujengwa. Lakini kati ya katazo lile la jadi na hili la vitabu vya sheria ilipita karne nzima ambayo serikali, ya kikoloni na hata ya kwetu wenyewe, iliitazama tumbaku kwa jicho jingine. Wazee waliuliza: ni nani anayetumia? Serikali iliuliza: ni kiasi gani kimeuzwa, na kwa bei gani? Sheria ya 2003 imelirudia swali la wazee, ila imeliacha mikononi mwa watumishi waliozoezwa kuuliza lile la pili. Humo ndimo, kwa maoni yangu, inamopatikana sehemu kubwa ya ugumu wa kuitekeleza.

Tumbaku si mmea wa asili ya Afrika. Ilitoka katika mabara ya Amerika, ikavushwa bahari na mabaharia wa Ulaya baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, ikaenea duniani kwa kasi ambayo mimea michache tu imeifikia. Kwetu iliingia kwa njia ya pwani, na jina lake ni ushahidi wa safari hiyo, kwani Mreno, Mhindi, Mwarabu na Mswahili hulitaja kwa sauti zinazofanana. Ilipofika karne ya 19 mmea huu ulikwisha kuwa mwenyeji barani. Tumbaku ya milima ya Usambara ilikuwa bidhaa mashuhuri iliyoteremshwa pwani kuuzwa, na katika sehemu nyingi za bara wakulima walikuwa na vishamba vyao vya tumbaku karibu na nyumba. Yafaa tulikumbuke jambo hili kila tunapolitaja neno jadi. Kitu kigeni huweza kuwa cha jadi baada ya vizazi kadhaa, maadamu watu wamekitungia adabu yake.

Adabu hiyo, katika nchi ya Meru, ilifungamana na umri. Kwenye miteremko ya kusini ya mlima wanaishi Wameru, ambao lugha yao ni jirani ya Kichaga, na upande wa magharibi wao wanaishi Waarusha, wasemao Kimasai lakini wakiwa wakulima hodari wa migomba na mahindi, watu ambao wazee wao walihamia hapo kutoka Arusha Chini yapata miaka ya 1830. Jamii zote mbili zilijua utaratibu wa marika. Mvulana alikuwa mvulana mpaka alipotahiriwa. Baada ya hapo alikuwa morani pamoja na wenzake wa rika moja. Na baada ya miaka kadhaa rika zima lilipanda na kuingia katika uzee. Kila hatua ilikuwa na ruhusa zake na makatazo yake. Pombe ilikuwa kinywaji cha wazee, wala haikumstahili morani. Ugoro nao uliandamana na uzee. Kichupa chake, cha pembe au cha mwanzi, kilichoning'inizwa shingoni kwa ukanda wa ngozi, kilikuwa alama ya mtu aliyekwisha kufika mahali fulani katika maisha, kama vile mkongojo na blanketi.

Matayarisho yake yanastahili kutajwa, kwa kuwa vijana wengi wa leo hawajapata kuyaona. Jani hukaushwa mpaka likawa jeusi na kukatika kwa vidole, kisha husagwa na kuchanganywa na magadi kidogo ili kuuongeza ukali. Magadi ya kaskazini yetu hutoka katika Ziwa Natron, chini ya mlima Oldonyo Lengai, nayo yamekuwa bidhaa ya biashara baina ya wafugaji wa bondeni na wakulima wa milimani tangu zamani sana. Ugoro uliokwisha kuwa tayari hunuswa, au hubwiwa chini ya mdomo. Miongoni mwa Wamasai tumbaku huingia pia katika zawadi za posa pamoja na asali, jambo linaloonyesha kwamba haikuhesabiwa kuwa starehe ya mtu mmoja peke yake. Ilikuwa kitu cha kutoleana, na wenye haki ya kutoleana walijulikana.

Mtoto alitumwa kuuleta ugoro? Naam, alitumwa. Tusije tukadhani kwamba kumtuma mtoto ni ubaya ulioletwa na mji. Alikitwaa kichupa nyumbani akakipeleka barazani, na tofauti iliyopo ni kwamba njia yote aliyoipita ilikuwa na macho ya watu waliomjua yeye, wakamjua baba yake, wakajua na rika atakaloingia.

Ni nani, basi, aliyelilinda katazo hilo? Si askari, kwani hawakuwapo. Mwanachuoni P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, alieleza kwa urefu jinsi jamii hiyo ilivyojitawala bila ya mahakimu wenye nguvu ya kulazimisha. Mashauri yaliletwa mbele ya mikutano ya ukoo, ya mtaa au ya rika, na wasemaji waliochaguliwa, malaigwanani, waliongoza mazungumzo mpaka pande mbili zikakubaliana. Rika lilimwonya mtu wake lenyewe, na likaweza kumtoza faini. Gulliver aliona kwamba hata baada ya serikali kufungua mahakama zake, Waarusha waliendelea kuipendelea mikutano yao wenyewe na kwenda mahakamani kwa nadra. Katika utaratibu wa namna hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza umri wa mtu. Waliotahiriwa pamoja walijulikana na watu wote, na kijana aliyeonekana na ugoro asiostahili aliaibika yeye pamoja na wenzake waliomwachia.

Hata hivyo si vyema kuipamba jadi kwa sifa isizokuwa nazo. Wazee hawakuikataza tumbaku kwa ajili ya afya ya kijana. Walikuwa wakilinda daraja yao. Kijana aliyesubiri alipewa baadaye kile kile alichonyimwa, na elimu ya leo imekwisha kuthibitisha kwamba tumbaku isiyowashwa moto nayo huleta saratani ya kinywa. Jambo lenye thamani katika utaratibu ule halikuwa elimu ya uganga. Lilikuwa mpango wa uangalizi: katazo lilikaa kwa watu wanaomjua anayekatazwa.

Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na adhabu zilizofuata kutoka kwa jeshi la Kijerumani ziliwapotezea Wameru na Waarusha watu, mifugo na chakula. Mwaka 1900 boma lilisimama Arusha, nalo ndilo lililo leo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Pamoja na boma ilikuja kodi ya kulipwa kwa fedha, na pamoja na fedha yalikuja maduka. Hapo tumbaku ilianza kuacha kuwa kitu cha kutoleana ikawa kitu cha kununuliwa. Sigara ya kiwandani ilikamilisha mageuzi hayo. Ugoro ulihitaji shamba, jua, jiwe la kusagia na mkono wa mtu; sigara ilikuja imekwisha kutengenezwa, nyepesi, yenye kufichika mfukoni, tayari kwa kila mwenye senti. Sarafu haina rika.

Serikali za dunia zilikuwa zimekwisha kupita njia hiyo. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuilaani tumbaku mwaka 1604, na mwaka huo huo akaipandishia ushuru mkubwa mno. Baada ya muda hazina yake ikaizoea fedha hiyo. Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uturuki aliipiga marufuku mwaka 1633 na kuwaua waliokamatwa, lakini kabla ya karne hiyo kwisha watawala waliomfuata walikuwa wakiihalalisha na kuitoza kodi. Tabia ya serikali kwa tumbaku ndiyo hiyo tangu zamani: huichukia kwa maneno, na huihitaji kwa hesabu.

Kwetu hesabu hiyo ilikua haraka. Mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili uliposhindwa, sehemu ya Urambo katika Tabora iligeuzwa kuwa nchi ya tumbaku tangu mapema miaka ya 1950, na zao hilo likaenea mpaka likawa miongoni mwa mazao yanayoliletea taifa fedha za kigeni. Kisha likaja Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini hapa mwishoni mwa Januari 1967, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza makampuni ambayo umma ungekuwa na sehemu kubwa ya hisa zake. Watu hukumbuka mabenki. Wachache hukumbuka kwamba katika orodha ile, pamoja na viwanda vya bia, viatu na saruji, ilikuwamo kampuni ya sigara ya British American Tobacco. Kwa hiyo tangu mwaka huo mwananchi aliyenunua sigara alinunua bidhaa ya kiwanda kilichokuwa mali yake pia, na hali iliendelea hivyo mpaka Kampuni ya Sigara Tanzania ilipouzwa kwa sehemu kubwa kwa R. J. Reynolds ya Marekani mwaka 1995. Silitaji jambo hili kwa kulilaumu Azimio. Mwaka 1967 hakuna nchi changa iliyokuwa ikihesabu sigara kuwa adui; ilikuwa bidhaa kama nyingine, na faida yake ilifaa irudi kwa umma. Lakini mwenye kiwanda hawezi kuwa mwepesi wa kuwakataza wateja.

Katika miaka hiyo serikali iliwahi kufuatilia uuzaji wa sigara usio halali kwa bidii ambayo haijaonekana tena, na habari yake inafaa kuelezwa kwa kituo, kwani inaonyesha sheria ilikuwa ikitafuta nini.

Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, na bei za bidhaa nyingi zikawekwa na serikali. Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Kwa mji wa Arusha, ambao uko umbali wa zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Namanga na ambao ulikuwa makao makuu ya Jumuiya yenyewe, lilikuwa pigo la pande zote. Watumishi walipoteza kazi, watalii walipungua, na biashara iliyozoea kupita barabarani kwa hati ikaanza kupita porini kwa miguu na punda. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 viliimaliza akiba ya fedha za kigeni. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, khanga na sigara vilikuwa bidhaa adimu. Pakiti ya sigara iliyotoka kiwandani kwa bei iliyowekwa ilipita mikono mingi kabla ya kumfikia mvutaji, na kila mkono uliongeza chake. Neno magendo, na neno ulanguzi, yakawa maneno ya kila siku, na watoto wa shule wakayajua kabla ya kuyajua maana yake.

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, mzaliwa wa Monduli, jirani kabisa na Arusha, aliongoza msako wa nchi nzima dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Maduka, maghala na nyumba zilipekuliwa. Watu waliokuwa na mali nyingi wasizoweza kuzieleza walizitupa usiku vichakani na majini, na wapo wazee wanaosimulia hadi leo walivyoziokota. Bunge lilipitisha sheria maalumu mwaka huo huo, na baraza maalumu likaundwa la kusikiliza kesi hizo, ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Wananchi wengi waliufurahia msako, na wanasheria wengi waliutilia mashaka. Mwaka 1984 sheria ile ikabadilishwa kwa nyingine iliyorudisha kesi katika Mahakama Kuu. Mpaka wa Kenya ulifunguliwa Novemba 1983. Sokoine mwenyewe alifariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984.

Sasa tuangalie jambo moja. Mtu aliyekamatwa na maboksi ya sigara mwaka 1983 aliulizwa alizipata wapi, ana kibali gani, na aliziuza kwa bei gani. Angekuwa amemwuzia mtoto wa miaka kumi kwa bei halali, asingekuwa mlanguzi. Askari, mgambo, makada na wananchi wa mitaani walishiriki katika kazi kubwa ya kufuatilia sigara, na katika kazi hiyo yote umri wa mnunuzi haukuwa na nafasi. Wao walitimiza walichoagizwa. Lakini mazoea ya serikali hujengwa kwa namna hiyo, na mazoea yakikwisha kujengwa hubaki hata sheria ikibadilika.

Elimu ya madhara ilikuwa ikikua kwingineko. Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Doll na Hill, walichapisha utafiti uliounganisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ikalitangaza jambo hilo mbele ya dunia. Viwanda havikusalimu amri. Jinsi wavutaji walivyopungua Ulaya na Marekani, ndivyo makampuni yalivyozidi kuangalia masoko ya nchi zetu, zenye vijana wengi. Mwezi Mei 2003 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Bunge letu halikuungoja mkataba huo: Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ilianza kutumika mwaka 2003. Ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, ikaweka mipaka ya matangazo, ikataka onyo liandikwe juu ya pakiti, na ikazuia uvutaji katika sehemu mbalimbali za umma. Mwaka huo huo uchunguzi wa kimataifa juu ya vijana na tumbaku ulifanywa katika shule za Arusha, Kilimanjaro na Dar es Salaam, kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15. Kwa hiyo watoto wa mji huu walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuulizwa, kwa utaratibu wa kitaalamu, swali ambalo wazee wa Meru walikuwa wakilijibu bila ya karatasi.

Uchunguzi wa watu wazima uliofanywa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wapatao milioni 2.6, yaani asilimia 8.7 ya watu wazima, walikuwa wakitumia tumbaku; kwa wanaume ilikuwa asilimia 14.6. Ukilinganisha na nchi nyingine nyingi, idadi hiyo si kubwa. Wavutaji wetu ni wachache, na ndiyo sababu kijana ambaye hajaanza ni mtu wa thamani kubwa, kwa anayetaka kumlinda na kwa anayetaka kumwuzia.

Sasa tuje kwenye utekelezaji. Tangu Januari 2019 kila pakiti ya sigara inayouzwa kwa halali hubandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki. Mtu yeyote mwenye simu inayofaa anaweza kuikagua papo hapo na kujua kama kodi imelipwa. Kazi hiyo ilipangwa kwa umakini, ina mitambo, ina mkandarasi, ina Mamlaka ya Mapato nyuma yake. Kwa upande wa afya mambo yalikwenda pole pole. Ni mwaka 2021, miaka 18 baada ya sheria kutungwa, ndipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ilipokabidhiwa jukumu la kuzidhibiti bidhaa za tumbaku, nayo ina ofisi ya kanda hapa Arusha. Mtoto aliyezaliwa siku sheria ilipoanza kutumika alikuwa amekaribia umri wa kununua sigara kabla ya kupatikana chombo cha namna hiyo cha kumzuia. Na hata chombo kikipatikana, stempu husomeka kwa simu. Umri wa mtoto hausomeki. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, lakini sijapata kumwona mwenye kibanda akikidai kwa ajili ya sigara moja.

Sigara moja: hapo ndipo penye kiini cha biashara yenyewe. Onyo limeandikwa juu ya pakiti, na anayenunua moja moja haioni pakiti ila kwa mbali, mkononi mwa muuzaji. Bei ya moja ni ndogo, inatoshana na fedha ya mtoto ya kununulia andazi. Katika stendi na sokoni wapo vijana watembezao sigara, pipi na karanga katika kisanduku kilicho wazi, nao hawaiti wateja kwa sauti bali huzichezesha sarafu kiganjani. Mlio huo unajulikana katika miji yetu yote. Mitaani kuna vibanda na maduka madogo ambayo watu huyaita kwa Mangi, hata kama mwenyewe hakutoka Kilimanjaro. Mkaguzi mmoja hawezi kuwapo mbele ya vibanda vyote hivyo. Akifika, sigara hazionekani, akiondoka, zinarudi. Na muuzaji mwenyewe aghalabu ni mtu wa kipato kidogo, ambaye faida yake ya siku hutoka katika vitu vidogo vidogo vinavyonunuliwa mara nyingi.

Bidhaa mpya zimeongeza taabu. Mwaka 2016 serikali iliipiga marufuku shisha, na Rwanda na Kenya zikafuata mwaka 2017. Lakini mwanzoni mwa 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachia watu walioshtakiwa kwa shisha, kwa sababu kanuni za katazo hilo hazikupitishwa Bungeni kama ilivyoagizwa hapo awali na Mahakama Kuu. Wizara nayo ikashikilia kwamba katazo lipo pale pale. Katazo lililotangazwa kwa haraka hukutwa na tundu siku ya kesi. Uganda ilichukua njia ndefu zaidi: sheria yake ya 2015 iliweka umri wa miaka 21, ikazikataza shisha na sigara za kielektroniki kwa kuzitaja. Sheria yetu ya 2003 isingeweza kuzitaja hizi za mwisho. Mchina Hon Lik alikibuni kifaa hicho katika mwaka huo huo wa 2003, wakati wabunge wetu walikuwa wakifikiria karatasi, jani na moto. Sasa kijana anaweza kuvuta nikotini yenye harufu ya embe kutoka katika kitu kinachofanana na kalamu, ndani ya begi la shule, na mwalimu asijue ameona nini. Ugoro wa babu ulipigisha chafya iliyosikika barazani, na kiko chake kilinuka nyumba nzima. Hiki kimetengenezwa kisijulikane, na uangalizi wa aina yoyote, uwe wa rika au wa mkaguzi, huanza kwa kujua.

Baadhi ya watu husema dawa ni kuwarudishia wazee kazi yao. Maneno hayo ni mazuri kuyasikia, lakini Themi ya leo si Themi ya marika. Katika mtaa mmoja wamo Mwarusha, Mmeru, Mchaga, Mpare, Mrangi, Msukuma na mtu wa asili ya Kihindi. Waliotahiriwa hospitalini, na waliotahiriwa wangali wachanga. Hakuna rika moja la kuwaonya wote. Mtu pekee katika mtaa huo anayewajua watoto karibu wote kwa sura na kwa jina la baba, na anayewaona kila siku, ni mwenye kibanda. Bila ya kuteuliwa, amekalia kiti cha laigwanani, na ndiye anayefaidika na kile anachotakiwa kukikataza.

Basi turudi kwa mtoto aliyetumwa sigara mbili. Muuzaji akimjibu, "Mwambie baba aje mwenyewe," ameitii sheria, na papo hapo amemrudisha mtoto wa watu mikono mitupu. Mtoto atafikisha maneno kama alivyoambiwa. Baba, aliyeketi kwenye benchi na wageni wake, atayasikia mbele yao, naye hatayachukua kuwa maneno ya Bunge. Atayachukua kuwa maneno ya jirani anayemfundisha malezi ya mwanawe. Kibanda cha pili kipo hatua ishirini kutoka hapo, na fedha bado imo mkononi mwa mtoto.